Kasha la Pajero

Watu wa kwetu bado hawajaelewa habari ya kupiga kambi. Mwambie mzee wa Kimilili kwamba utaiacha nyumba uliyoijenga kwa mkopo wa SACCO, uendeshe gari hadi mlimani, ulale chini ndani ya kitambaa, na kwa raha hiyo ulipie langoni. Atakutazama, atasogeza kiti, kisha atauliza kwa sauti ya chini kama mama watoto amekufukuza. Wala simlaumu. Kati ya 2006 na 2008, wakati wa vita vya ardhi vya kundi la SLDF, familia nyingi za upande wa Cheptais na Kopsiro, huko Mlima Elgon, zililala vichakani, na hakuna aliyepiga picha akitabasamu. Kulala msituni kwa hiari, tena mshahara ukiwa umeingia, ni jambo linalohitaji kuelezwa polepole.

Mimi ni mwalimu, naishi Kitale, na Mlima Elgon nauona kila asubuhi mawingu yakikubali. Ukishapita Endebess umefika lango la Chorlim, na ndani ya mbuga kuna maji, kivuli na mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu ya kichwa chako bila kukujali. Mlima haujawahi kunisumbua. Kinachosumbua ni mzigo: hema, magodoro, sufuria, unga, ndoo, mtungi wa gesi wa kilo 6. Vyote hivyo nilikuwa navitupa nyuma ya Pajero langu kuukuu, na kila nikikanyaga breki mtungi unakuja mbele kusalimia watoto.

Waaustralia na Waafrika Kusini, ambao kupiga kambi kwao ni karibu dini, wana droo za chuma zilizotengenezwa tayari kwa magari ya aina hii. Ongeza usafiri na ushuru, na bei yake inakununulia ng'ombe wa maziwa hapa Kitale, na ndama wake juu. Kwa hiyo tulikwenda Bungoma, kwa fundi aliyesifiwa na shemeji yangu.

Fundi huyu ana banda lake kando ya barabara, si mbali na Kanduyi. Hutengeneza vitanda, madawati na majeneza, na vyote hukaa pamoja mbele ya banda bila kugombana. Nilimweleza ninachotaka: viti vya nyuma kabisa ving'olewe, pale pakae kasha lenye droo mbili, na juu yake pawe tambarare pa kuwekea magodoro. Akaniambia hakuna kitu cha mbao ambacho mkono wake haujakigusa. Tukachagua plaiwudi ya milimita 18 na fremu ya mbao za saiprasi. Nikamkumbusha kwamba shiti moja tu ya plaiwudi hiyo, futi nne kwa nane, yaweza kupita kilo 30, na nyuma ya gari si ghala.

"Mwalimu," akasema, "kitu chepesi hakina heshima."

Akaingia ndani ya gari na futikamba, akalala chali, akapima upana, urefu na kimo, akaandika yote kwenye kiganja. Hata zile nundu mbili zinazoingia ndani juu ya magurudumu alizipima vizuri. Alichokiruka ni mlango.

Gari, kama tumbo la kibuyu, ni pana ndani kuliko mdomoni. Siku ya kuchukua kazi, vijana wanne walilibeba kasha hadi kwenye Pajero, likagota. Zilibaki inchi mbili. Wakaligeuza, wakaliinamisha, wakalisukuma kwa mabega, huku wenye bodaboda wakizima pikipiki na kuja kutoa ushauri bila malipo. Mmoja alisema mlango ung'olewe. Mwingine alipendekeza gari likatwe, kwa kuwa mbao ni mpya na gari ni la zamani. Fundi hakujibu. Alichukua msumeno, akalikata kasha katikati, akapitisha kipande kimoja, akapitisha cha pili, akaingia navyo na kuviunganisha humo humo kwa gundi na skurubu. Kisha akafunga bolti kwenye matundu yale yale yaliyoshika viti. Hapo nampa haki yake, maana kasha lisilofungwa sakafuni, siku ya breki kali, hukufuata hadi kwenye usukani.

Akatoka anatiririka jasho, akatangaza kwamba kasha ni imara. Ni kweli. Halitoki tena. Atakayelinunua kasha atalinunua na gari.

Ndipo nikaona vishikio. Vilikuwa vya rangi ya dhahabu, vimenakshiwa maua, na vinaning'inia. Vile vile vilikuwa kwenye jeneza lililoegemea ukuta nyuma yetu.

"Fundi, hivi si vya jeneza?"

"Mwalimu, hivi ndivyo vishikio pekee ambavyo mteja hajawahi kurudi kuvilalamikia."

Mke wangu, akihofia vanishi mbichi isikwaruzwe, akatandika shuka jeupe juu ya kasha. Tukaondoka na sura hiyo. Karibu na Webuye tulikuta kizuizi cha polisi. Afisa akachungulia kwenye kioo cha nyuma, akaona shuka, mbao inayong'aa na dhahabu ya vishikio. Akavua kofia. Leseni hakuiuliza, bima hakuiuliza.

"Poleni sana, mzee. Mnazika lini?"

Kabla sijapata neno, mtoto wangu wa mwisho akajibu kutoka kiti cha nyuma, kwa furaha kabisa: "Ijumaa, juu ya mlima!"

Afisa akatikisa kichwa, akatupisha. Tulipofika Misikhu, bodaboda wawili walisimama pembeni kutuachia njia. Kule Kamukuywa, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu alisimama wima hadi tukapita. Sijawahi kuheshimiwa barabarani namna ile, na tangu siku hiyo sijaona haja ya kubadilisha vishikio.

Ijumaa ilifika na tukapanda Elgon kweli, mimi, watoto na shemeji. Njia ile ukishaingia msituni inapanda, inapinda, ina utelezi, na mvua haiulizi msimu. Fundi hakuwa ameweka komeo kwenye droo. Nadhani kazi yake ya kila siku haimlazimishi kufikiria kwamba kilichomo ndani kinaweza kutaka kutoka. Kila tulipopanda, droo zilirudi nyuma taratibu zikauegemea mlango, zikatulia hapo zikingoja. Tulipofika kambini shemeji alijitolea kushusha mtungi. Alifungua mlango akasema neno moja, ambalo silirudii, na droo ya juu ikatoka nzima ikampata kifuani. Unga, sukari, chumvi na mafuta ya kupikia vilikutana kwenye matope bila sufuria. Nyani walikuwa wamefika kabla shemeji hajainuka.

Usiku mvua ikanyesha, plaiwudi ikafura, droo ya chini ikakataa kufunguka. Blanketi zote zilikuwa humo.

Kesho yake tulitembelea pango la Kitum. Tembo huingia mle gizani kuchokonoa chumvi kwenye mwamba kwa pembe zao, na alama za pembe ziko ukutani ukizimulika. Zamani Wasabaoti wa mlima huu waliishi kwenye mapango na kulaza mifugo yao humo. Shemeji alisimama mlangoni mwa pango akikanda kifua, akasema hii ndiyo stoo. Haina hata skurubu moja.

Siku hizi droo nazifunga kwa blada, zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na zinashika kuliko komeo lolote la dukani. Mambo yangeishia hapo kama tusingepita ukweni.

Ukweni ni upande wa Chwele. Sisi Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani; heshima hukaa katikati yao, na maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Mama mkwe alilikagua gari nikiwa mbali, chini ya mparachichi, nikitazama upande mwingine inavyopasa. Tangu mwanzo nilikuwa nimemwambia fundi atoboe matundu ubavuni mwa droo ya chini, viazi na vitunguu vipate hewa. Mama aliyaona matundu. Nikasikia sauti kutoka upande wa jikoni, ikimwambia mke wangu: "Mwambie mwalimu ahsante. Muulize wanaingia kuku wangapi."

Waliingia tetea watatu na jogoo mmoja. Droo ya juu ilichukua ndizi na viazi vitamu. Juu ya kasha lilipanda gunia la mahindi la kilo 90, na juu ya gunia wapwa wawili waliokuwa wanarudi shule Kitale, kwa sababu viti vyao ndivyo vilivyong'olewa. Mahindi yake mengine yalikuwa bado mabichi na turubai la kuyaanikia lilikuwa limechanika, kwa hiyo hema letu lilibaki Chwele. Mama ametuma ujumbe kwamba linaanika vizuri kuliko turubai, halipitishi umande.

Wewe unayetaka kuweka droo kwenye gari lako, mwambie fundi aanze kupima mlango. Bolti zipite sakafuni, komeo liwe la chuma, na vishikio ukanunue mwenyewe. Na usitoboe matundu.