Mwenye Mkarafuu na Mwenye Daftari

Msomi wa sosholojia akistaafu, wenzake humtungia kitabu cha heshima. Waliomjibu maswali hubaki na nambari: mhojiwa wa tatu, mkulima.

Mwaka 1958 John Middleton, mwanaanthropolojia aliyekwisha kuwatafiti Walugbara wa Uganda, alifika Zanzibar kuuliza ardhi ni ya nani. Swali zuri, jibu zito: Pemba shamba laweza kuwa la huyu na mkarafuu uliomo wa yule. Ripoti ikachapishwa London mwaka 1961. Miaka mitatu baadaye yakaja Mapinduzi; ardhi ikataifishwa, wakulima wakagawiwa ekari tatu tatu. Ripoti ikazeeka kabla ya mwandishi wake, ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu kingine juu ya Waswahili, akafariki 2009, sifa tele.

Wambaa, wilayani Mkoani huko Pemba, maswali hayajakoma. Kijana wa chuo humkuta mzee akianua karafuu jamvini, wingu la mvua limetanda.

“Shikamoo babu. Hili shamba la nani?”

“Marahaba. Ardhi ya Serikali, mikarafuu ya shemegi, kazi yangu mie. Hebu shika pembe hiyo ya jamvi.”

Kijana huandika: mhojiwa hakutoa ushirikiano.