Kungwi wa Wazazi: Mwacheni Amwage

Zamani nilikuwa napokea barua za wanandoa. Tangu wazazi wa mjini wagundue malezi ya Montessori kwenye simu zao, nasoma habari za vikombe vilivyovunjika na juisi kwenye zulia. Sawa, tutazungumza juisi. Ila tuelewane mapema: mimi ni kungwi, si mwalimu wa chekechea. Kazi yangu ni kuwasema watu wazima.

*Kungwi, nimenunua rafu ya mbao, mnara wa vipande vya rangi ya waridi na shanga za kuhesabia. Hela yote ya kodi ya nyumba imeishia hapo. Mwanangu wa miaka miwili na nusu hata havitazami. Anashinda jikoni akigombania mwiko. Nimekosea wapi? — Mama Rafu, Tabata*

Hujakosea, umeuziwa. Tarehe 6 Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa watu wa hali ya chini. Wazazi walikuwa kazini kutwa, watoto wamebaki kwenye majengo wakichafua kuta, na wenye majengo wakatafuta wa kuwaangalia. Vifaa vya mbao alikuwa navyo, sikatai. Hata midoli mizuri ilikuwepo, na watoto hawakuichagua. Walichogombania ni kufagia, kupanga meza na kunawa wenyewe. Kwa hiyo mwanao na mwiko wake yuko kwenye njia ileile, wewe ndiye uliyepitia dukani.

Mpe kigoda na kazi ya kweli. Aanze kuhamisha maharage makavu kutoka kikombe hiki kwenda kile, juu ya sinia ili yanayodondoka yasitawanyike. Mkono ukitulia, mpe maji kwenye jagi dogo. Kisha ndizi iliyomenywa na kisu butu cha kupakia siagi. Kwenye rafu weka sahani zake, azifikie bila kukuita.

Lakini kabla ya yote hayo, kagua jikoni. Kama mafuta ya taa au dawa ya kutoa madoa viko ndani ya chupa ya soda, visilale hata usiku wa leo hapo vilipo. Mtoto uliyemfundisha kujimiminia atajimiminia chochote kilicho kwenye chupa ya soda. Ndoo ya maji ifunikwe kwa mfuniko unaokaza au iwekwe chumba kinachofungwa, maana mtoto wa umri huo anaweza kuzama humo. Jiko la mkaa linalowaka lisiwe mahali anapokaa na kigoda chake. Wanaopiga picha za rafu hawalisemi hili, pengine kwao hakuna jiko la mkaa.

*Shikamoo Kungwi. Nafanya kazi za ndani Mikocheni. Bosi wangu amesoma kwamba mtoto ajitegemee. Sasa mtoto anajimiminia juisi, anajilisha uji, anajiogesha, na mimi napiga deki kutwa. Mama akirudi anampiga picha. Uhuru wa mtoto umekuwa mzigo wangu. Nifanyeje? — Dada wa Mikocheni*

Marahaba, mwanangu. Katika barua zote, yako ndiyo niliyoisoma nimesimama.

Kumwaga na kufuta ni kazi moja, na ni ya mtu mmoja. Aliyemwaga ndiye anayefuta. Tundika kitambaa kidogo, cha kutosha kiganja chake, kwenye msumari ulio usawa wa kifua chake. Siku ya kwanza mwonyeshe polepole, na mdomo ufunge, maana hawezi kutazama mikono yako huku anasikiliza hotuba. Kunja kitambaa mara mbili. Kiweke juu ya maji, kiache kinywe. Kivute kuelekea kwako. Kikamue kwenye beseni. Atafuta vibaya, ataacha mfereji katikati ya sakafu, na wewe utatamani kuurudia palepale. Usirudie mbele yake. Akishaondoka, pitisha deki lako.

Halafu jagi lake liwe na kiasi cha kikombe kimoja tu. Hata akilipindua lote, kilichomwagika ni kikombe.

Sasa nina neno na bosi wako, ambaye najua anasoma safu hii kwa sababu ndiye mwenye simu. Dada yangu, huwezi kumwagiza mtu awe mwepesi na awe taratibu saa ileile. Umempa nyumba ya kufagia, nguo za kufua, pasi, chakula kiwe tayari saa saba, halafu umemwongezea kusubiri nusu saa mtoto avae soksi moja. Mvalishaji wa haraka ndiye uliyemwajiri. Ukitaka msubiriaji, punguza kitu: pasi iende Jumapili, au ule wali mkavu. Na anza mwenyewe, Jumamosi, magoti chini sakafuni na simu chumbani. Ukishafuta uji wa siku moja tutaona kama bado unataka picha.

*Kungwi, huku Njombe baridi ni kali na basi la shule linapiga honi saa kumi na mbili na nusu. Binti yangu wa miaka mitatu anasema "mwenyewe!" kwenye koti, "mwenyewe!" kwenye viatu. Namwacha ajifunze au namvalisha huku analia? — Mwenye Haraka*

Siku honi imeshalia, mvalishe, analia hivyohivyo, mpakie. Hakuna aliyesema somo la kujitegemea lifanyike mkiwa mmechelewa. Kinachokukwaza ni saa ya kuamka, na hiyo iko mikononi mwako.

Koti alijifunze jioni, chumbani. Litandaze chini, upande wa ndani ukitazama juu, ukosi ukiwa kwenye vidole vyake vya miguu. Ainame, aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, kisha alirushe juu ya kichwa. Linashuka mgongoni lenyewe. Lazima liwe koti la kufungua mbele. Sweta ya kuvaa kwa kichwa itamfunika uso na utanilaumu mimi. Kwa viatu, kata picha moja katikati, nusu ibandike ndani ya kiatu cha kushoto na nusu ndani ya cha kulia. Picha ikiungana, viatu vimekaa sawa.

*Mwanangu Kungwi, mkwe wangu amemgeuza mjukuu wangu wa kiume kijakazi. Miaka minne, anaosha vikombe! Nikimlisha kwa mkono wangu, mkwe ananuna. Najua samaki hukunjwa angali mbichi, lakini huyu si samaki, ni jina la marehemu babu yake. — Bibi wa Ngamiani, Tanga*

Shikamoo, mama. Kwa heshima zote, baba yake huyo mtoto alipokuwa na umri huu ulimtuma dukani, sarafu ameifumbata mkononi, akarudi na chumvi. Usikatae, nimezaliwa nchi hii.

Tofauti ni kwamba yule alitumwa. Kazi ilikuwa yako na kofi lilikuwa jirani. Huyu kikombe amekichagua mwenyewe. Montessori aliwahi kumtazama mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akichomeka vijiti vya mbao kwenye matundu yake, anavitoa, anavirudisha. Akawaambia watoto wengine waimbe. Binti haangalii. Akambeba na kiti chake akamweka juu ya meza. Binti kapakata vifaa vyake, anaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe na kutazama huku na huku kama mtu aliyetoka usingizini. Kwa hiyo mjukuu akiosha kikombe kilekile mara ya kumi, usimwite "basi babu, inatosha, njoo ule". Yuko kazini.

Kuhusu kwamba ni mwanamume: babu yake marehemu, Mungu amrehemu, aliosha vikombe vingapi? Ndiyo maana nasema aanze huyu.

Na wewe mkwe, acha kununa. Mama atampa tonge moja la mapenzi, yaliyobaki atajikatia mwenyewe. Mtandikie mkeka.

*Kungwi, mwanangu ana makamasi yasiyokauka na wageni wanamcheka. Nimkemee? — Baba Moshi*

Umewahi kumfundisha? Montessori siku moja aliwaonyesha watoto wa San Lorenzo jinsi ya kupenga: kitambaa kinavyotolewa kimyakimya, pua inavyofutwa bila makelele. Alidhani watacheka. Walimpigia makofi. Walikuwa wamekemewa miaka yote na hakuna aliyewaonyesha. Mtafutie leso na kioo kidogo cha usawa wake, na wageni wape chai wanyamaze.

*Nina miaka minne. Dada ananiandikia. Mama alisema chagua nguo mwenyewe. Nikachagua gauni la Idi na mabuti ya mvua. Akasema hapana. Sasa nilichagua au sikuchagua? — Mimi*

Hukuchagua. Mama alikufungulia kabati zima halafu akashtuka. Kesho atatoa nguo mbili tu kitandani, zote anazokubali, nawe utachukua moja bila kuulizwa tena. Gauni la Idi ataliweka juu kabisa, na hilo usilihangaikie, lina siku yake. Mabuti vaa. Hakuna sheria inayokataza mabuti siku ya jua. Miguu ikitoka jasho utavua mwenyewe. Na mwambie dada, akimaliza kuandika barua hii, asikufungie vifungo. Akufungie cha juu tu, kile kigumu cha shingoni.