Sifa za Simu ya Bei Chee

Katika fani ya kutengeneza tovuti, wenye sifa zao wamekwisha kupewa. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti kule CERN mwaka 1989, alipewa cheo cha "Sir" nchini Uingereza mwaka 2004. Håkon Wium Lie, aliyependekeza CSS mwaka 1994, anatajwa kwa heshima. Brendan Eich, aliyeandika JavaScript ya kwanza kwa siku 10 mwaka 1995, hutajwa hata na wanaomlaani. Aliyesahauliwa ni mwalimu wa wote: simu ya bei chee, yenye RAM ya GB 1, kioo kilichopasuka pembeni, na betri iliyovimba hadi mfuniko unashikiliwa na rababendi. Leo nainuka kuisifu. Asiyependa na azibe masikio.

Kwanza naisifu kwa uzito wake wa kichwa. Developa aliyekaa ofisini penye faiba na kompyuta yenye nguvu za kusaza hufungua ukurasa wake ukafunguka kabla hajakohoa, akajiona fundi. Simu yetu haijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Picha ya KB 200 inaipokea na kuionyesha, yamekwisha. JavaScript ya KB 200 ni shughuli nyingine: lazima isomwe, ichambuliwe, igeuzwe, kisha itekelezwe, na muda wote huo kitufe cha "Lipa" kinang'aa kiooni bila kuitika. Mteja anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena kwa hasira. Simu ikizinduka inazitekeleza amri zote mbili, na pesa zinakatwa mara mbili. Nani mwingine angekufundisha kwa ufasaha huo kwamba kitufe kikishabonyezwa kizimwe papo hapo, kwamba seva nayo ikatae malipo yaleyale yakija mara ya pili, na kwamba haipakiwi maktaba nzima ya msimbo kwa ajili ya kupanga tarehe moja?

Pili naisifu kwa usahaulifu wake, ambao hauna mfano. Mama mmoja anajaza fomu ya kumwombea mwanawe nafasi ya shule: jina, tarehe ya kuzaliwa, kata, namba ya simu. Amefika mwisho, ukurasa unamwambia ametumiwa namba ya siri kwa SMS. Anatoka kwenye kivinjari, anafungua ujumbe, anaikariri namba, anarudi. Lo! Simu imeona RAM haiwatoshi wawili, imekwishakiua kichupo. Ukurasa unajipakia upya na fomu ni nyeupe pe. Akimaliza kuijaza tena, namba ya siri imekwisha muda wake. Kompyuta ya ofisini isingekuonyesha kisa hiki mpaka unastaafu. Dawa yake ni mistari michache tu: kila anachoandika mtu kihifadhiwe kwenye localStorage, kirudishwe ukurasa ukifunguka, na kifutwe fomu ikishatumwa, maana simu hizi huazimana nyumba nzima. Na kisanduku cha namba kiwekewe inputmode="numeric", ili kibodi ya tarakimu ijitokeze yenyewe.

Tatu nausifu uso wake. Mwanga umepunguzwa kwa kuogopa chaji, na mwenye simu amesimama kituo cha basi, jua la saa saba mchana. Yale maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo mbunifu aliyaita ya kistaarabu, hapo hayapo kabisa. Miongozo ya WCAG, ya kuwezesha kila mtu kutumia tovuti, inataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Simu hii inadai hivyohivyo na wala haijawahi kuisoma miongozo yenyewe. Upana wake wa pikseli 360 nao hauna huruma. Ukisahau kuandika mstari wa viewport kwenye HTML yako, kivinjari kinajifanya kipo kwenye kompyuta, kinautandaza ukurasa kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha kinausinyaza hadi herufi zinakuwa sisimizi. Vitufe je? Google wanashauri ukubwa wa pikseli 48 kwa 48. Kidole gumba cha mbeba mizigo kilikuwa kikishauri hayo tangu zamani, hakuna aliyekiuliza.

Nne, na hapa ndipo penye utukufu wake, naisifu kwa ubahili. Bando lake ni la kupimiwa, na picha ya MB 4 iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja inalimaliza kabla ya magharibi. Kwa hiyo inakulazimisha uipunguze picha, uigeuze kuwa WebP, uiandikie width na height ili maneno yasirukeruke inapoingia, na zile za chini uzipe loading="lazy" zisubiri zamu yao. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa kutazamia video kutoka MB 1.2 hadi chini ya KB 100. Ulipojaribiwa kwa watazamaji, wastani wa muda wa kufunguka ukapanda badala ya kushuka! Kumbe watu wa Afrika, Amerika ya Kusini, Siberia na kwingineko, ambao ukurasa wa zamani ungewachukua dakika 20, sasa walikuwa wakisubiri dakika 2 na kutazama. Awali hawakuonekana kwenye takwimu, kwa kuwa asiyeweza kuingia hahesabiwi. Ukiambiwa wateja wako wote wana simu nzuri, uliza kwanza wenye simu mbaya waliishia wapi.

Wapinzani wa mtukufu wangu watasema kivinjari cha Chrome kina zana za kuigiza haya yote: unapunguza kasi ya mtandao, unaidumaza CPU mara 4 au mara 6, kazi imekwisha. Zana hizo ni njema, na azitumie kila mtu kila siku. Lakini haziishiwi bando, hazipigwi jua, hazina kioo kilichopasuka palepale kilipo kitufe cha "Endelea". Zinaigiza ufukara kwa saa moja, kisha zinarudi kwenye faiba.

Basi, ndugu developa, kabla hujaagiza skrini ya pili ya mezani, nenda kwa fundi simu wa mtaani kwenu, umuulize ni ipi anayoona haya kuiuza, ununue hiyohiyo. Usiisafishe, usiifutie picha za mwenyewe wa zamani mpaka umejaribu tovuti yako memori ikiwa imejaa. Ukimaliza, zifute zote kwa heshima. Itilie bando dogo, toka nayo juani, ujaze fomu yako mwenyewe kuanzia juu hadi chini. Ikikubali, mkabidhi mteja kazi. Ikigoma, kosa si la simu.