Uainishaji wa Tiyo za Nyumbani Kipushi, Pamoja na Nyongeza Kuhusu Pampu ya Joto

Elimu ya tiyo ina kanuni yake ya kwanza Kipushi: usiulize kipenyo kabla ya kuuliza nyumba ilikuwa ya nani. Vitabu vya Ulaya huanza na kiasi cha maji. Vinadhani maji yapo, jambo ambalo mtafiti wa huku hawezi kulikubali bila ushahidi.

Mji huu, kiasi cha kilomita 30 kutoka Lubumbashi, ukiegemea mpaka wa Zambia, ulizaliwa na mgodi. Kampuni ya Union Minière iliufungua mgodi huo mwaka 1924 kwa jina la Prince Léopold. Baada ya 1967 ukawa wa kampuni ya Gécamines. Kazi ikasimama 1993, na uzalishaji ukarudi 2024. Kila zama iliacha tiyo yake ukutani, na mtafiti mwenye subira aweza kukadiria umri wa bafu kwa kubomoa kigae kimoja tu, ikiwa mama mwenye nyumba ametoka.

Jamii ya kwanza ni Tiyo ya Kampuni. Ni ya chuma, nzito, na ilichaguliwa na mhandisi asiyeoga humo kwa ajili ya mtu asiyeulizwa. Kwa desturi ya Kifaransa huandikwa kwa namba mbili, mathalani 20/27: ya kwanza ni tundu kwa milimita, kwa kukadiria tu, ya pili ni kipenyo cha nje. Ila kutu nayo ina maoni yake. Ikilipunguza tundu hadi nusu, msuguano kwa maji yaleyale hupanda kama mara 32. Daktari wa Paris, Poiseuille, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1840, akiwa anachunguza mwendo wa damu, kwamba mabadiliko madogo ya kipenyo huleta makubwa katika mtiririko. Hakuwahi kufika Katanga, lakini robine nyingi za hapa ni wanafunzi wake.

Jamii ya pili, yenye wafuasi wengi, ni Nusu Inchi. Hapa mtafiti anakutana na fumbo zito. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tiyo ya chuma ya nusu inchi, ambayo plombye mwingine ataiita 15/21, ina tundu la milimita kama 16 na nje ya 21. Pimeni mpendavyo, nusu inchi haimo. Upande wa plastiki, ile ya milimita 20 hupimwa kwa nje, na zile zenye ukuta mnene zinazovumilia maji ya moto hubaki na tundu la milimita 13 hivi. Hivyo majirani wawili walionunua “saizi moja” wanaweza kuoga kwa viwango tofauti vya ustaarabu. Ukimuuliza plombye, atakuangalia kwa huruma aseme: “Mama, hii inaenea.” Sijapata hoja ya kisayansi ya kupinga kauli hiyo.

Jamii ya tatu ni Nene. Mwanzilishi wake ni mtu aliyeona robine inadondosha, akaamua kwamba dawa ni tiyo ya inchi moja. Lazima tuigawe. Kuna Nene ya Regideso, kampuni ya maji, inayotumaini kwamba bomba nono litaita presha. Haliiti, maana maji yaliyosimama husukuma sawasawa ndani ya jembamba na nono, na maji yasiyokuja hayasukumi kabisa. Kisha kuna Nene ya tanki la juu ya paa, na hii, nakiri kwa shingo upande, ina akili. Tanki lililo mita 3 juu ya bafu hutoa bari 0.3 tu. Mtaji mdogo namna hiyo haufai kuliwa na msuguano njiani, kwa hiyo 20/27 kutoka paani hadi bafuni ni busara.

Jamii ya nne ni Iliyokuwepo Dukani. Haina nadharia, ina vipunguzi vingi.

Ndipo akatokea mtoto wa familia moja ya hapa, anayeishi Brussels. Alituma pesa na agizo: pampu ya joto, tiyo za milimita 28 nyumba nzima. Tusimcheke haraka. Mashine hiyo huchota joto hewani na kwa kipimo kimoja cha umeme hutoa kama vitatu vya joto, na hewa ya Kipushi, ambayo hata katika usiku wa Julai ni nadra kuganda, inaipendeza kuliko hewa ya Ubelgiji. Unene nao una asili yake. Kule maji huzunguka kupasha nyumba nzima, na pampu ya joto hufanya kazi vizuri maji yakipoa kidogo tu njiani, tuseme nyuzi 5. Hapo kila kilowati hudai lita 172 kwa saa. Boila ya gesi, inayoruhusu nyuzi 20, hudai lita 43. Basi unene ule ni haki yake, mbele ya radieta.

Radieta Kipushi hatuna. Tuna ndoo. Kutoka tanki la maji moto hadi robine sheria inageuka: tiyo nene ni ghala la maji yaliyopoa. Mita 10 za 15/21 hushika lita 2. Za 20/27, lita 3.7. Fungua robine ya hii ya pili mara tano ukisubiri moto, na karibu bidoni nzima ya lita 20, iliyobebwa kichwani siku maji yalipokatika, imemwagika bila mtu kuoga. Mpinzani mkuu wa mashine hii, mbabula, yaani jiko la makaa, hana dosari hiyo: kipenyo chake ni sifuri, na maji husafiri kwa sufuria.

Lipo suala la umeme, maana SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, pampu hulala. Kipushi inaijua habari hiyo kwa ukubwa mwingine: mgodini tiyo hupimwa kwa maji yaliyopo kweli, yanayosukumwa nje ya ardhi, na pampu zilipokwama mwaka 2011 maji yalipanda shimoni mamia ya mita bila msaada wa plombye yeyote.

Mjadala uliobaki ni mahali pa kuiweka mashine. Nje itaibiwa. Ikifungiwa stoo itachota joto la stoo yenyewe na kuipoza, na bibi wa nyumba ameshauliza, kabla ya tiyo yoyote kununuliwa, kama nyanya zake zitakaa humo wiki nzima.