Piga Hesabu, Usipigwe: Mwongozo wa Pampu ya Joto

Wako wauzaji wa pampu za joto huko Uingereza wenye hesabu moja tu kichwani: nusu. "Bili yako itashuka nusu, mama." Bili yenyewe hawajaiona, redieta hawajaigusa, lakini nusu yake imeshachapwa kwenye karatasi ya rangi. Mimi naipenda pampu ya joto, ndiyo maana hesabu hiyo inaniudhi. Mashine nzuri haihitaji kusemewa uongo. Kaa mezani na kalamu, tufanye kazi.

1. Leta bili za mwaka mzima. Muuzaji atapenda ya Januari, kwa sababu inatisha. Mnyime. Wewe tafuta uniti, zile zile za kilowati-saa wanazonunua ndugu zako kwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Tuchukue nyumba inayotumia uniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Kwa bei za mfano, gesi peni 6 na umeme peni 25, gesi hiyo ni pauni 690. Ongeza tozo ya kila siku ya mita ya gesi, tuseme peni 30: jumla inakaribia pauni 800.

2. Tafuta joto lililobaki ndani. Sehemu ya joto la gesi hutoroka kwenye bomba la moshi. Boila ikibakiza asilimia 85, nyumba imepata uniti 9,775 za joto. Huo ndio mzigo wa pampu.

3. Gawanya kwa ufanisi. Pampu hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchota joto kwenye hewa ya nje, hata siku ya baridi, ikalimwaga ndani. Kwa kuwa inalihamisha tu, uniti moja ya umeme yaweza kuleta tatu za joto. Kwa ufanisi wa 3, umeme wa mwaka ni pauni 815: umepoteza pauni 15. Kwa ufanisi wa 4, ni pauni 611: umeokoa pauni 189. Nusu haionekani popote.

Ipo, tena na ziada, lakini kwa jirani yako wa fleti anayeota hita za umeme za zamani. Joto lile lile linamgharimu pauni 2,444 kwa mwaka. Pampu ya ufanisi wa 3 inamwondolea theluthi mbili. Huyo ndiye wa kugongewa mlango kwanza, na mara nyingi ndiye anayerukwa.

4. Shika redieta. Ya boila huwa na maji ya nyuzi 60 hadi 70, kiganja hakikai. Pampu hustawi kwenye nyuzi 35 hadi 45, kwa hiyo inataka redieta pana na dari lililozibwa vizuri. Muulize fundi: "Siku ya baridi kali, maji yatatoka na nyuzi ngapi?" Akianza kusifia rangi ya mashine, msindikize mlangoni.

5. Tazama jiko. Ukibaki na jiko la gesi, mita inabaki na tozo yake inabaki. Hapo pampu lazima izidi ufanisi wa takriban 3.5 ndipo uanze kuokoa chochote. Ukihamia jiko la umeme, mita ikang'olewa, zile pauni 110 hivi za tozo ya mwaka ni zako.

6. Tenga ruzuku na bili. England na Wales serikali hutoa ruzuku ya pauni 7,500, nayo hupitia kwa fundi aliyesajiliwa. Lazima uione imekatwa kwenye makadirio yake. Ruzuku hupunguza bei ya kununua. Bili ya mwezi haiigusi hata kidogo. Anayekuchanganyia hivyo viwili anakutafutia njia ya kukupiga.

7. Aandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Ufanisi anaoutegemea na nyuzi za maji viwe kwenye makadirio, chini yake saini. Fundi hodari ataandika bila kusita, kwa sababu ameshapima kila chumba na anajua pampu yake itafika. Mpe huyo kazi, hata kama ameahidi pauni 189 na mwenzake ameahidi nusu.