Marahaba Nikiwa Nimebanwa

Mbavu za kulia bado haziniruhusu kucheka, na huo ni ukatili wa ziada, maana mtaa mzima unacheka kwa niaba yangu. Tangu juzi jioni siwezi kwenda dukani kununua vocha bila kijana fulani kuniuliza kama nimeshashushwa. Kuna video. Imefika hadi kwa shemeji yangu Songea, naye kanitumia pole yenye emoji nyingi kuliko maneno.

Nilikuwa nachimba mtaro wa bomba la maji hapa Mlandizi, kwa kijiko kilichopachikwa nyuma ya trekta ndogo ya farasi 30. Usifikirie yale majitu ya manjano ya barabarani. Hiki ni kijiko cha mtu binafsi: kina kiti chake, liva zake, miguu miwili ya kutanua pembeni, na mkono wa kukunja na kukunjua wenye baketi mwishoni. Kinaning'inia kwenye vile vyuma vitatu vya nyuma ya trekta, palepale unapofunga jembe la sahani. Ukikaa, trekta umeipa mgongo. Mbele yako lipo shimo, na nyuma ya shingo yako upo upinde wa chuma wa kukulinda trekta ikipinduka. Sentimita zilizobaki kati ya mgongo na upinde huo hazikunishughulisha kabisa hadi juzi.

Udongo wa juu ulikuwa mwema. Chini yake ukaja mfinyanzi mkavu, baketi ikawa inakwaruza tu bila kuzama. Nikaukandamiza mkono mkubwa chini. Ardhi ikakataa kushuka. Basi ilibidi kitu kingine kipande, na kilichopanda ni mimi.

Kiti kiliinuka taratibu, kwa adabu zote, kikinipeleka juu na nyuma hadi upinde ukanikaa mgongoni. Wataalamu watakwambia uachie liva, zina springi, zinarudi katikati zenyewe. Ni kweli, na niliachia. Lakini mtu akisukumwa kwa nyuma huenda mbele, na mbele yangu kuna kitambi, na mbele ya kitambi kulikuwa na liva. Kitambi kikaisukuma liva ya mkono mkubwa. Kuisukuma mbele maana yake ni kushusha, na kushusha baketi iliyokwisha gota ardhini maana yake ni kumpandisha zaidi huyu bwana aliyekaa. Nikipandishwa, nabanwa, nikibanwa, kitambi kinasukuma, kikisukuma, napandishwa. Nilikuwa nimekuwa sehemu ya mtambo.

"Zima!" nikamwambia kijana wangu wa shamba. Akakimbilia ufunguo, akauzungusha, akauchomoa, akaninyanyulia juu niuone. Injini ikaendelea kunguruma.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana jambo hili lilinivutia hata wakati nakosa pumzi. Injini ya petroli huishi kwa cheche. Ukikata umeme, imekufa. Ya dizeli haina plagi za cheche. Inaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inakuwa ya moto kiasi cha kuiwasha dizeli inayopulizwa humo. Kama pampu ya dizeli ni ile ya kizamani isiyotegemea umeme, ufunguo unazima taa za dashibodi tu, na injini haina hata habari kwamba umeondoka. Dawa yake ni kuinyima dizeli, kwa kuvuta kishikio kidogo chini ya usukani. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana. Nilichokosa ni hewa ya kulieleza.

Ndipo wakapita watoto wa shule, na watoto wa huku wamelelewa vizuri mno. Walipanga mstari kando ya mtaro. "Shikamoo, babu!" Mimi si babu. "Marahaba," nikaitika, na pumzi iliyotoka ikaacha nafasi kifuani, na upinde ukaichukua. "Shikamoo!" akasema wa pili. Mtu mzima haachi salamu ya mtoto ikaanguka chini. Nikaitika zote.

Aliyeniokoa ni mama muuza maandazi, ambaye marehemu mumewe alikuwa dereva wa trekta. Aliweka beseni chini, akapanda, akavuta kishikio bila kuuliza, injini ikanyamaza. Watu wakashangilia. Mimi nikabaki pale pale.

Wengi hawaelewi hili la haidroliki: injini ikizimika, oili haiondoki. Inafungiwa ndani ya jeki na vali, na jeki inabaki imesimama kama askari aliyesahauliwa lindoni. Hakuna kinachosukuma tena, lakini pia hakuna kinachoachia. Nikakaa huku mkutano ukiendelea chini yangu. Mmoja alitaka iletwe grenda ukatwe upinde. Mwingine alishauri nipakwe sabuni. Bodaboda wawili walibishana ni upande upi wenye mwanga mzuri wa kupigia video. Mwishowe yule mama akaniambia, "Baba, vuta tumbo ndani," akaingiza mkono, akairudisha liva nyuma kwa utaratibu. Uzito wa kijiko chenyewe ukaikamua oili kurudi tangini, nami nikashuka nikizomewa na jeki, halafu na hadhira.

Usiku huo sikulala, kwa maumivu na kwa hamu ya kujua. Ile mikono mitatu ya nyuma ya trekta ni kazi ya Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini ya Ireland, mtu aliyejiundia ndege akairusha mwaka 1909. Zama zake trekta zilikuwa na tabia ya kuua: jembe likinasa kwenye jiwe, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, pua inapanda juu, dereva analaliwa na mashine yake. Ferguson akalifunga jembe kwa nukta tatu, mbili chini na moja juu, na mwaka 1926 akapata hataza. Jembe likinasa, ile fito ya juu, ambayo mafundi wetu huiita toplinki, inaisukuma trekta kwa mbele na pua inakandamizwa chini. Kilichokuwa kinaua dereva kikageuka kumshikilia. Nilipoelewa nilipiga kofi kitandani, mke wangu akaniuliza kama nimebanwa tena.

Lakini angalia ujanja ulipo. Kwa trekta nyingi ndogo, ile mikono ya chini inainuliwa kwa haidroliki na kushuka kwa uzito wake tu. Haikandamizi. Kitu cha chini kikitaka kupanda, mikono inakipisha. Kwa jembe huo ni ungwana, maana jembe linatakiwa kuelea likifuata ardhi. Kijiko hakivutwi, chenyewe kinaisukuma ardhi, na ardhi ikikataa kinajisukuma chenyewe. Ukikiachia kielee, kitaelea kuelekea kwenye upinde na wewe ukiwa katikati.

Kwa hiyo waliokitengeneza waliweka dawa. Iliyo bora ni fremu inayopita tumboni mwa trekta na kufungwa hadi mbele, ili nguvu ya kuchimba isiishie kwenye kasha la gia. Trekta ndogo kwa kawaida haina chasisi kama lori. Tangu Fordson ya mwaka 1917 ilipoueneza mtindo huo, injini na gia vyenyewe ndivyo mifupa, na chuma cha kusubu kikipigwa sana kwa nyuma hupasuka. Kama fremu haipo, basi angalau vyuma vigumu viwili vya kukifunga kijiko kisiweze kupanda wala kukunjika. Halafu miguu ya pembeni ishuke hadi mzigo utoke kwenye magurudumu, breki ifungwe, injini izunguke polepole, na udongo ukatwe kwa tabaka nyembamba kwa kuvuta mkono mdogo na kukunja baketi, badala ya kukandamiza.

Haya yote sikuambiwa. Aliyeniuzia aliniambia maneno mawili: "Kamili, bosi." Asubuhi nilienda kukikagua kijiko. Karibu na kiti rangi ya manjano ilikuwa imevimba. Nikaikwangua kwa kucha, nikakuta kibandiko, na ndani yake mchoro wa kijitu cheusi kimebanwa kati ya kiti na upinde. Hakikuwa na kitambi, lakini nilikitambua. Kando yake yapo matundu mawili ya boliti, kingo zimeng'aa kwa kusuguliwa na kitu kilichowahi kufungwa hapo. Mtu alishika brashi, akalitazama onyo hilo, akalipaka rangi ili mashine ionekane mpya. Hapo sicheki, na wala si kwa ajili ya mbavu. Ferguson alipatana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu mwaka 1938. Mapatano yalipovunjwa alishtaki, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Mimi pia nilipeana mkono. Nimelipwa soda.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Mguu wa kushoto ulizama kwenye shimo la choo ambalo hakuna aliyekumbuka kwamba lipo. Fundi alitaka kutafuta kwa kidole mahali mpira wa oili unapovuja, nikampiga kofi la mkono kabla sijamweleza kwamba oili ya mgandamizo ule hutoboa ngozi na kwamba kipande cha boksi kingetosha. Dereva wa kijiko kikubwa aliyekuja kunionyesha kazi alizoea mpangilio mwingine wa liva, ule ambao mkono mkubwa uko kulia na mdogo kushoto. Amebomoa banda la kuku kwa kujiamini kabisa.

Jana nilimpigia muuzaji. Nikamweleza matundu, kibandiko na mbavu. Alinisikiliza kwa upole, akanipa pole, akauliza uzito wangu. Kisha akasema nisihangaike na wachomeleaji, vile vyuma viwili anavyo stoo, vilikuja kwenye kontena moja na kijiko changu, na kwa kuwa mimi ni mteja wa zamani ataniuzia kwa bei ya kirafiki.