Namna ya Kuua Uteute Uleule Mara Elfu Bila Mama Kujua

Anza kwa kutokwenda popote. Mfalme atakuita, atakueleza kwamba adui ameiba nuru ya ulimwengu, kisha atakupa vijisenti vya kununulia silaha; binti wa kifalme naye hajulikani alipo. Itikia kwa heshima. Toka nje, tembea hatua kumi hivi hadi kwenye nyasi, halafu uwe unakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Atatokea adui. Mpige. Atatokea mwingine wa sura ileile. Mpige naye. Binti wa kifalme atangoja. Amengoja tangu 1986 na hajawahi kulalamika.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Vijana wa chuo kikuu kule Nchiru, Meru, wanaiita kugraindi, yaani kusaga. Wengine husema kufamu, na hilo la pili mtu wa Meru hahitaji kufafanuliwa. Ni kulima. Unalima leveli kama wengine wanavyolima chai, ila wewe uko kitandani na viatu hujavua.

Naandika nikiwa na sifa zote zinazotakiwa. Nimezaliwa sehemu za juu za Imenti Kusini, ambako mtoto hujua jani laini na jani gumu kabla hajajua herufi, na ujana wangu wote niliutumia kuikwepa michai ya mama ili nikachune vitu visivyonyweka.

Kwa anayeanza, napendekeza gemu ya Dragon Quest ya kwanza kabisa, iliyobuniwa na Yuji Horii, iliyotoka Japani tarehe 27 Mei 1986. Adui wake wa mwanzo ni slaimu: tone la uteute wa buluu lenye macho ya duara na tabasamu kama la karani anayekuambia urudi Jumatatu. Katika gemu ile ya awali slaimu mmoja alilipa pointi moja ya uzoefu. Kupanda leveli ya pili kulitaka pointi 7. Piga hesabu: slaimu saba. Leveli ya tatu ilitaka jumla ya 23, ya nne 47, na ukifika hapo umeshaujua muziki wa pambano kuliko wimbo wa taifa. Kilele ni leveli ya 30. Wenye pupa huvuka madaraja kwenda kwa maadui wanaolipa vizuri. Wewe usivuke. Mwongozo huu ni wa wasiovuka.

Ukifa, usitie shaka. Horii ni mtu wa huruma: shujaa akiuawa huamkia mbele ya mfalme na pointi zake zote, ila nusu ya pesa imekwenda. Aliyewahi kulipa bili ya kulazwa ataiona hiyo nusu kuwa nafuu.

Asili ya balaa hili la leveli ni Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kete na karatasi, wakatia humo wazo kwamba uzoefu wa mtu unaweza kuandikwa kwa tarakimu na kujumlishwa. Huko waliliona jipya. Kwetu, mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, hakufika alipo kwa kuota mvi tu. Kuna ngazi, na kila ngazi ina mifugo yake. Chuo cha Nchiru chenyewe kimejengwa juu ya ardhi waliyoitoa wazee hao. Kwa hiyo kijana anayekesha bwenini akimpandisha shujaa wake leveli ni jirani wa watu walioujua mchezo huo zamani, tena kwa mbuzi wanaolia.

Tuje kwa mama, maana yeye ndiye adui mkubwa kuliko joka. Mama hasomi kioo cha simu, anasoma jinsi ilivyoshikwa. Simu ikilazwa ni gemu. Ikisimama wima ni WhatsApp, na WhatsApp anaivumilia kwa sababu hata chama chake kimo humo. Uzuri ni kwamba Dragon Quest ya simu huchezwa ikiwa wima. Kunja uso kidogo. Kila baada ya muda sema "haya" kwa sauti ya chini, kana kwamba umetumiwa ujumbe wa msiba. Akikuita shambani, mwambie una mtihani wa mtandaoni. Usirudie mtihani huo zaidi ya mara nne kwa wiki moja. Mimi nilifika mara sita, akaenda kuuliza kwa mtoto wa jirani.

Na akikuuliza kwa nini unakimbia kazi halafu unaifanya kazi ileile kwa kidole, usijitetee kwa uvivu. Mpe hesabu. Chai huchunwa majani mawili na chipukizi, mchai kwa mchai, na mchai uliouchuna leo utaurudia baada ya wiki moja au mbili. Unajaza kikapu, unashuka nacho mgongoni hadi kituoni, unapanga foleni. Karani anatundika mzigo kwenye mzani na anatoa uzito wa gunia. Katika kituo chetu cha zamani gunia lilikuwa na kilo moja msimu wa mvua na kilo moja msimu wa kiangazi, hata lilipochakaa ukaweza kuona mlima kupitia matundu yake. Halafu ungoje mwisho wa mwezi. Halafu ungoje mnada wa Mombasa. Halafu ungoje Oktoba, ndipo bonasi ije, na ikija mbolea imeshapita ikachukua haki yake.

Slaimu hana karani. Ukimuua, pointi yako inaingia kabla uteute haujapoa. Haikatwi gunia, haikatwi mbolea, haijui bei ya dola. Saba ni saba. Nimefanya kazi tatu za mshahara katika maisha yangu na hakuna hata moja iliyonilipa kwa uaminifu wa yule mdudu wa buluu.

Kama huna simu ya maana, ziko nyumba za pleisteshoni, lakini hapo nenda na akili yako. Nilijifunza hayo Embu mjini, nikiwa likizo kwa shangazi, katika chumba cha mabati chenye televisheni tatu na viti vya plastiki. Malipo yalikuwa shilingi 20 kwa mechi ya soka ya Winning Eleven. Ukifungwa unampisha mwenzako. Mimi nikaweka Final Fantasy VII, gemu ya kulima leveli. Mwenye nyumba alivumilia robo saa, kisha akaja akasimama nyuma yangu.

"Kijana, hii mechi inaisha lini?"

"Haiishi leo, bosi."

"Nani anaongoza?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu. Akarudi kukaa. Lakini gemu ile kila pambano likiisha hupiga tarumbeta za ushindi, na masikio ya mfanyabiashara hayalali. Zilipolia mara ya tatu nilimwona anatabasamu. Tangu hapo, tarumbeta zikilia, kiganja kinatokea begani kwangu: ishirini. Nikiua mende wawili wa msituni: ishirini. Nilijaribu kukimbia mapambano, kwa kuwa ukikimbia tarumbeta hazilii, na nadhani mimi ndiye shujaa pekee aliyepita katika hadithi ile kwa woga wa nauli ya kurudi nyumbani. Mwishowe tulipatana shilingi 50 kwa saa, shangazi akiwa shahidi.

Kadi ya kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa na nafasi 15. Mimi nilitumia moja tu. Saa 31 za kulima zilikaa mle, katika nafasi moja, kimya, hazimsumbui mtu. Siku ya tatu ya juma lililofuata nikakuta nafasi zote zimechukuliwa na ligi ya Winning Eleven, Brazili ikiongoza. "Hiyo yako ilikuwa imekaa tu," mwenye nyumba akaniambia, "nikadhani mechi imeisha." Kwa hiyo nunua kadi yako mwenyewe, itie mfukoni, na usiku ilale chini ya mto.

Usiku ni mrefu na utahitaji kitu cha kukushikilia. Upande wa Maua na Laare kitu hicho ni miraa, nayo huuzwa ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba. Ukishuka Mbeere utapewa muguka, majani matupu kwenye mfuko, bei nafuu. Kila upande utakueleza kwa kirefu kwa nini cha mwenzake si lolote. Usiingilie. Ni kweli mtafunaji anaweza kukazia macho kitu kimoja mpaka alfajiri, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mkulima wa leveli. Tatizo ni saa kumi usiku, handasi, yaani ulevi wa kutafuna, ikiwa juu, unapoanza kuwaza slaimu huyu ana watoto wangapi. Nimeona mwanafunzi mzima, wa uhandisi, akimwomba slaimu msamaha. Mimi hutumia chai ya mama, chupa nzima, na aibu yake naijua: kinywaji cha kazi niliyoikimbia ndicho kinachonipa nguvu ya kuendelea kuikimbia.

Ukiona slaimu wamekuwa rahisi mno, kuna daraja la juu la ujinga. Katika Final Fantasy X ya mwaka 2001 kuna mwanamke aitwaye Lulu, jina letu kabisa, na ili silaha yake ikamilike lazima utembee kwenye uwanda wa radi na kuzikwepa radi 200 mfululizo. Ukipigwa na ya 199, hesabu inarudi sifuri. Kioo kinawaka, unabonyeza; kinawaka, unabonyeza. Nilikuwa nimefika 163, jioni ya Aprili, mvua ikinyesha kutoka mlimani, kioo kikawaka nikabonyeza, kumbe iliyowaka ilikuwa dirisha. Radi ya kweli. Stima ikaenda, ikarudi Jumapili.

Gemu nyingi mpya za simu mimi sizipendekezi. Zina kitufe cha otomatiki: unakibonyeza, shujaa anatembea mwenyewe, anapiga mwenyewe, anaokota mwenyewe, na wewe unatazama kama tajiri anayekagua vibarua. Ukichoka hata kutazama, unatuma pesa kwa M-Pesa, unauziwa leveli zilizolimwa tayari. Kule Kericho mwaka 2023 watu waliandamana wakachoma moto mashine za kuchuna chai kwa sababu zinawanyang'anya kazi. Kitufe cha otomatiki kimewanyang'anya vijana wetu slaimu wao, na hakuna aliyewasha hata kibiriti.

Sasa nikiri kwamba mbinu zangu za kumkwepa mama ziliishiwa nguvu. Desemba iliyopita nilikuwa nimekaa nyuma ya jikoni, simu wima, uso umekunjwa, nimesema "haya" mara tatu. Akaja akaketi kando yangu juu ya debe lililopinduliwa, nailoni ya kuchunia bado imefungwa kiunoni.

"Unafanya nini, baba?"

"Naongea na watu, mama."

"Watu gani wa kushoto na kulia?"

Nikaona niseme kweli. Nikamwonyesha slaimu. Nikamwonyesha ile pointi ikiingia.

"Hapo unalipwa lini?"

"Papo hapo."

"Gunia hawakati?"

"Hawakati."

Akanyamaza kidogo. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Vidole vya mama vimeingia weusi wa utomvu wa chai ambao sijawahi kuuona ukitoka. Nilidhani vitakuwa vizito juu ya kioo. Dakika ya kwanza alipigwa, alikufa, akaamkia kwa mfalme, akamshukuru. Dakika ya kumi alikuwa ameushika mwendo: kushoto, kulia, piga, piga, kushoto, kulia. Nusu saa baadaye hakuwa akitazama kioo kabisa. Alikuwa anazungumza na jirani ng'ambo ya ua kuhusu mchango wa arusi, kidole gumba kikienda chenyewe, na slaimu wakiisha mmoja mmoja kwa utulivu ambao sikuufikia katika miaka kumi na tano ya juhudi. Hakuharakisha wala kukawia. Jua lilipozama shujaa wetu alikuwa leveli ya 6, na hajasogea hata hatua kumi kutoka pale nilipomwachia.

"Mama, sasa una nguvu," nikamwambia. "Vuka daraja. Huko mbele kuna wakubwa wanaolipa zaidi, na mwisho kabisa kuna joka."

"Joka linalipa ngapi?"

"Halilipi. Ukiliua, gemu inaisha."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ang'oe michai.

"Inaisha? Basi si uliache likae." Akageukia nyasi zake, kushoto, kulia. "Chaja iko wapi?"